Saumu Ipumzike

"Usiitie! Haijapumzika!" Mpishi wa kiwanda alimpokonya mdogo wake ubao wa saumu iliyopondwa, akaufunika kwa sahani.

"Nakuharakishia, dada. Kliniki wanakungoja saa nne."

Mpishi aligeukia rundo la mboga za majani, akaendelea kukata. Uvimbe ulioanza kama choroko kwenye titi lake sasa ulikuwa sawa na harage, na barua mbili za kliniki zilikaa nyuma ya kopo la chumvi, hazijajibiwa.

"Mtu anayekula majani na saumu kila siku ya Mungu," alisema hatimaye, "saratani itampatia wapi?"

Hayo yalikuwa maneno ya mama yao. Tena alisema: saumu ukishaiponda, iache kwanza, nguvu yake ipande, ndipo uipeleke mafutani. Mama hakuwa na saa. Alipima muda kwa kusuka: msuko mmoja kichwani mwa binti mmoja, saumu iko tayari. Leo kichwa cha huyu, kesho cha yule. Walikwenda shule wananuka jiko, wenzao wakiziba pua, nao wakaona haya. Siku hizi daktari wa redioni naye husema saumu isubiri, na mpishi humjibu palepale jikoni kwake kiwandani: "Umechelewa, baba. Mama alishasema."

"Mama alikula majani kumshinda mbuzi," mdogo wake akasema taratibu. "Yalimfaa, sikatai. Lakini uvimbe alitufichia mpaka alipoanguka. Alikuwa na umri wako huu, dada."

Kisu kikasimama. Mpishi alimkumbuka mama yake siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

"Na wafanyakazi nani atawapikia?"

"Watakunywa chai na mkate. Hakuna atakayekufa."

Mpishi akafungua aproni.

Kwenye benchi la kliniki mbele yao walikuwepo watu wawili, kisha mmoja. Mdogo wake akamvua mpishi kitambaa cha kichwa, akamgawanya nywele zenye mvi, akaanza kusuka.

"Unafanya nini? Watu wanatuona!"

"Tulia. Napima muda."

Vidole vilinuka saumu. Mpishi akafumba macho, akainamisha kichwa kama zamani, na kwa kitambo hakuogopa kitu.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akamwita. Msuko ulikuwa umefika nusu. Mpishi aliinuka, akaushika ncha usifumuke, akaingia nao.