Bisibisi Menoni

"Mzee, umesikia ama hujasikia?" Kabiru aliuliza.

Lazarus Osewe alikuwa ameinamia injini inayonguruma, ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni. Hivyo ndivyo walivyotafuta kelele katika gereji ya Kabiru, Kawangware. Vijana wote walitumia sikio la kulia, naye akawaiga. Ila lake la kulia lilikufa zamani, baada ya miaka kumi na minne ya kusaga unga kwenye posho mill ya Laini Saba, na la kushoto lilibakiza nusu. Injini yoyote ikiwashwa, yeye alisikia kinu tu.

"Nasikia, bosi," alisema. Uongo mtupu.

Hakuwahi kumwambia Kabiru. Nani angempa kazi ya kutafuta kelele mtu asiyesikia? Kinu kilipofungwa, alibembeleza miezi miwili ndipo akapokewa hapa, mwanafunzi wa miaka arobaini na tisa chini ya mwalimu wa thelathini. Leo alikuwa amepewa gari la kwanza peke yake. Akipatia, anabaki. Akikosea, kesho hana sababu ya kutembea tena kutoka Laini Saba na goti lililovimba. Na alikuwa amechoka, jamani. Kuna wakati kufukuzwa kulimjia akilini kama kitanda kilichotandikwa.

Kabiru alisikiliza kidogo, mikono kiunoni. "Hiyo sauti naijua. Hii injini ni ya kushusha, tuifungue yote. Mathe, utatuachia gari wiki moja."

"Wiki?" Waithira, mwenye gari, alikuwa ameshika usukani. Gari hilo ndilo lililopeleka maziwa yake kwa wateja kila asubuhi. "Na maziwa nibebe na kichwa?"

"Nipe dakika kumi kwanza," Lazarus alisema.

"Kumi tu, mzee." Kabiru akaenda zake.

Lazarus alingoja mgongo wake upotee nyuma ya lori. Kule kinuni masikio hayakumfaa mtu. Beringi ikianza kufa, aliijua kwa meno. Akafuta mpini kwa shati, akauuma.

"Buda, njaa imefika hapo?" kijana mmoja alicheka. Lazarus hakumjali.

Akagusisha ncha juu ya injini. Mtetemo ulikuwa laini. Akagusa ubavuni, laini vilevile. Akashuka mpaka kwenye alternata, ile ya kuchaji betri, na taya zima likamwasha. Ilikuwa kama kutafuna ugali wenye mchanga.

Injini ilipozimwa alitoa mkanda, akaifungua alternata na kuizungusha kwa mkono. Ilikwaruza. Kabiru aliporudi akaizungusha pia, mara mbili. Kisha akamtuma mtu dukani kuleta beringi mpya.

Kufikia saa tisa alternata ilikuwa imefungwa tena mahali pake. Goti la Lazarus lilikuwa limekataa kukunjika alipokaza nati ya mwisho.

"Mama, washa."

Gari liliwaka. Kwake lilikuwa kinu kilekile cha jana na juzi. Hakuwa na njia ya kujua kama amepona au ameumbuka, ila kumtazama Waithira usoni. Mama huyo aliinamisha kichwa, akasikiliza. Mabega yake yakashuka polepole, na Lazarus naye akapumua.

Kisha akaona macho ya Waithira hayako kwake tena. Yalikuwa yamepita juu ya bega lake la kulia, kisha yakarudi kwake, yakingoja jibu.

Aligeuka. Kabiru alikuwa amesimama pale, karibu kabisa, mdomo umefungwa, kama mtu aliyekwisha kuuliza mara mbili. Alimtazama Lazarus, akatazama sikio. Akatazama bisibisi iliyolala juu ya betri, mpini wake umejaa alama za meno.

Kabiru alijifuta mikono kwa kitambaa, akazunguka mbele ya gari taratibu, akaja kusimama upande wa kushoto. Akainama kwenye sikio hilo, akauliza upya.