Fimbo Ikiwa Chini

Pu. Pa. Pu. Pa.

Sauti hiyo iliniingia masikioni kabla sijafumbua macho, kabla hata sijakumbuka ni siku gani. Kisha nikakumbuka. Ijumaa. Kesho ndiyo siku yenyewe. Nikalitupa blanketi, nikatoka nje, na baridi ya Julai ikanichapa usoni.

Uani mama yangu, Leonia, na mdogo wangu Herieth walikuwa wanapura ulezi. Walikuwa wametandika turubai na kumwaga masuke makavu, wametazamana, kila mmoja na fimbo yake. Kando yao yalisimama magunia matatu ambayo hayajaguswa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simu iache ndani. Herieth anakwenda shule, fimbo yake hii hapa."

"Mama, leo nina mazoezi. Kesho tunacheza na timu ya Matai!"

"Pura gunia moja, halafu uende hata Kasanga ziwani ukacheze na samaki."

Niseme kwanza nilichokifanya Alhamisi, maana ndicho kilichoninyima usingizi.

Timu yetu hukutana kwenye kibanda cha Theodory, hapa hapa mtaani kwetu Katandala, kucheza gemu la vita la kwenye simu. Ni watu watano kwa watano. Kuna njia tatu zenye minara, na askari wadogo wanaotoka wenyewe kwenda vitani. Njia ya chini ni ya watu wawili: mpiga mishale, ambaye akikusanya dhahabu ya kutosha ndiye anayeimaliza mechi, na msaidizi wake. Mpiga mishale wetu ni Kashinje, mtoto wa wafugaji waliohamia huku kutoka Shinyanga. Kashinje ni mtu wa maneno machache, na macho yake huona ndama aliyepotea akiwa mlima wa pili. Msaidizi ni mimi, Zenon. Sikuomba usaidizi. Nilipewa kwa sababu wengine wote waliukataa, nami nikaapa kuufanya kwa namna ambayo watauonea wivu.

Dakika tatu za kwanza kule chini ni za kupunguzana damu, yaani uhai. Unampiga adui, anakupiga, mnarudi nyuma. Atakayebaki na damu kidogo atajificha kwenye mnara wake huku mwenzake akiokota dhahabu bila wasiwasi. Na anayeamua lini muingie kupigana ni msaidizi. Alhamisi tulicheza mechi tatu za mazoezi, nikaamua vibaya mara tatu, nikafa dakika ya pili mara tatu. Theodory, ambaye ndiye kapteni, akasema kwa upole kwamba labda Shedrack aanze Jumamosi. Shedrack ni dereva bodaboda, amenizidi miaka saba, na ndiye mchezaji wetu wa akiba.

Hakuna aliyebisha. Hata Kashinje alinyamaza, na kimya chake ndicho kilichoniwasha. Nilipanda juu ya benchi, nikawatungia Matai hapo hapo:

*Matai njooni mbio, mje na jeneza lenu,*
*Njia ya chini kilio, kwa mama zenu na kwenu!*

Wakacheka, wakapiga meza. Ningeshuka hapo, mambo yangeisha vizuri. Lakini watu wakipiga meza mimi sishuki. "Na nikifa kabla ya dakika tatu kutimia," nikasema, "kiti changu cha Mbeya ni cha Shedrack. Mmesikia wote!"

Mshindi wa Jumamosi ndiye angekwenda Mbeya kwenye mashindano ya kanda. Tangu Machi sikuwa nawaza kitu kingine.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilishika fimbo ya Herieth kama mtu aliyeshikishwa kosa lisilo lake. Kashinje akaingia uani muda huo huo, simu mkononi, tayari kwa mazoezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ninyi Wasukuma ulezi mnaujua kweli, au ng'ombe zenu tu ndio wanaoujua?"

"Tunaujua ukishakuwa uji, mama."

Mama akacheka mpaka akaegemea fimbo yake, kisha akampa. "Basi leo uufahamu kabla ya uji. Mimi napepeta."

Tukaanza. Nilitaka lile gunia liishe upesi, nikapiga kwa nguvu na haraka, popote nilipoona masuke. Makapi yaliruka, yakaingia shingoni, yakawasha. Nikazidi kupiga. Mara fimbo yangu ikagongana na ya Kashinje, ka! ikateleza, ikatua kwenye vidole vyake.

"Mama yangu we!" Kashinje akaurusharusha mkono hewani.

"Zenon!" Mama aliacha ungo. "Unapigaje wakati na mwenzako anapiga? Ngoja fimbo yake iwe chini, ndipo ushushe yako. Kwani unamkimbiza nani?"

"Bahati mbaya tu, mama."

"Si bahati," akasema Kashinje, bado anavinyonya vidole. "Hata kwenye gemu uko hivi hivi."

"Hivi vipi?"

"Unaingia wakati watu wote wameinua fimbo. Mimi nimeinua, wao wameinua, wewe katikati unapunga mikono. Halafu ukifa unasema nimechelewa kukufuata."

"Kwa nini hukusema Alhamisi?"

"Ulikuwa juu ya benchi, mshikaji. Ningekufikiaje?"

Mama alicheka. Hapo ndipo nilipoitupa fimbo. Nikatoka, nikashika barabara, nikapita maduka yote ya mtaani bila kumsalimia mtu, nikajibishana naye kichwani kwa majibu makali ambayo yangemnyamazisha mwaka mzima. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya mwisho upepo ulipoleta sauti kutoka kwetu.

Pu. Pa. Pu. Pa.

Mama alikuwa ameshika fimbo yangu. Anapura na Kashinje, Msukuma ambaye asubuhi hiyo ndiyo kwanza anaugusa ulezi, na hawagongani. Nilisimama nikawasikiliza. Ikishuka ya huyu, ya yule iko juu. Mtu ambaye fimbo yake iko chini hana la kukufanya mpaka ainyanyue tena. Nikamwona kichwani mpiga mishale wa adui. Kila askari wetu anapokaribia kufa, lazima ammalizie yeye, vinginevyo hapati dhahabu. Anapoachia mshale ule kwa askari, mkono wake hauna kitu. Fimbo yake iko chini. Na mimi siku zote nilikuwa naingia kabla au baada, kwa kuwa damu yangu ilikuwa imechemka, si kwa kuwa wakati ulikuwa umefika.

Nilirudi mbio. Mama alinirudishia fimbo. Kashinje alisogea kidogo. Tulilimaliza gunia lile saa sita, na baada ya hapo tulicheza mechi sita. Sikufa dakika ya pili hata mara moja. Lakini sikulala vizuri zaidi ya siku iliyotangulia. Shingo iliwasha usiku kucha.

Jumamosi saa nne kibanda kilijaa hadi barazani. Matai walikuja na wachezaji wa njia ya chini wenye sifa. Mpiga mishale wao, Baltazari, alikuwa mrefu na mwenye kofia ya sufu aliyoivuta mpaka kwenye nyusi. Msaidizi alikuwa msichana anayeitwa Lydia, ambaye aliketi mbele yangu akanitazama kuanzia kichwani.

"Mshairi ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Ubeti wako ulitufikia kwenye simu. Jeneza tumekuja nalo. Simama kidogo tupime urefu."

Kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko, na watu wetu ndio waliocheka zaidi. Ulimi wangu ulikuwa na beti mbili tayari. Nikazimeza.

Mechi ikaanza. Askari wakakutana katikati ya njia. Baltazari akajongea, mimi nikatulia kwenye majani. Askari wetu wa kwanza akabakiwa na damu ya unywele. Baltazari akauvuta upinde, akaachia mshale kwa askari.

Pu. Nikampiga mimi. Pa. Akampiga Kashinje. Tukarudi nyuma kabla askari wao hawajatugeukia.

"Eh!" akasema Baltazari.

Askari wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Alipomwacha wa nne afe bila kummalizia ili asipigwe, alikosa dhahabu, na hiyo kwetu ilikuwa sawa na kumpiga. Saa ya juu ya kioo ilisoma dakika ya pili. Damu yake ilikuwa nusu, yetu karibu yote. Nyuma yangu nilimsikia Shedrack akinong'ona, "Huyu ni Zenon gani tena?" Masikio yakapata moto, nikajiona tayari niko Mbeya.

Lydia alikuwa ananisoma. Baltazari akauvuta upinde kuelekea kwa askari, nami nikaruka. Hakuachia. Alikuwa ananivuta mimi. Mshale ukanigeukia, ngumi za Lydia zikafuata, na nilipofanikiwa kutoka damu yangu ilibaki kama tone la mwisho la bomba.

"Ubeti wa pili uko wapi?" akauliza Lydia bila kuinua macho.

Dakika mbili na sekunde arobaini na nne. Nilichotakiwa kufanya ni kurudi kwenye mnara, nikae sekunde kumi na sita, basi. Nilianza kurudi. Kashinje hakuwa amerudi. Baltazari alikuwa ametumia nguvu zake kwangu, na Kashinje alikuwa ameuona mwanya, anamfuata, mshale baada ya mshale. Na pembeni Lydia alikuwa anamlengea mnyororo wake, ule unaomnasa mtu wa kwanza anayekutwa mbele yake. Ukimnasa Kashinje, anakufa yeye, na dhahabu yote tuliyoikusanya inakwenda Matai.

Niliiona saa. Sitadanganya kwamba sikuiona. Nilimwona na Shedrack, niliiona Mbeya. Kisha Lydia akaurusha mnyororo, na mnyororo ukisharushwa mkono wake hauna kitu. Nikaingia katikati. Ukaninasa mimi.

Kioo changu kikawa kijivu. Dakika mbili na sekunde hamsini na moja.

Pa. Baltazari akaanguka. Pa, pa. Lydia alijaribu kukimbia, naye akaanguka. Watu wakaruka juu ya mabenchi. Kashinje peke yake ndiye aliyekaa, anaokota dhahabu kimya kimya. Baada ya hapo mechi haikuwa na swali tena. Ilipofika dakika ya kumi na saba akaliangusha jengo lao kuu mwenyewe, na ushindi ukawa wetu.

Lydia alinipa mkono. "Ile ya kuingia kwenye mnyororo," akasema, "sikuitegemea kwa mtu mwenye mdomo kama wako."

Theodory alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Mbeya! Alhamisi asubuhi, stendi!"

"Nimekufa dakika ya pili," nikasema.

"Nani amehesabu?"

"Mimi. Kiti ni cha Shedrack."

Kelele zikapungua. Theodory akanitazama kama mtu anayetafuta mzaha ulipo. "Zenon, yale yalikuwa maneno ya benchi."

"Niliyasema mbele yenu wote."

"Mdogo wangu, usiniletee balaa," akasema Shedrack. "Mimi kiti chako sikitaki. Mnyororo ule mimi ningeukimbia."

"Hutaukimbia. Nitakuonyesha."

Wakanibembeleza, wakanitukana, mmoja akaniita punguani. Huenda ni kiburi kilekile kilichonipandisha kwenye benchi, sijui. Ila najua kwamba kama ningepanda lile basi, kila mtu angejua kwamba neno langu linaishia pale linaponipendeza, na mtu anayetunga beti ana nini kingine zaidi ya neno lake? Nilimsogezea Shedrack ile simu ya timu niliyochezea. Mwishowe akaipokea.

Kashinje alishatoka. Nilimkuta nje kwenye upepo, amewapa watu mgongo.

"Jana ndiyo umejua kupiga," akasema. "Leo unaniacha na mtu anayeingia kama ulivyokuwa unaingia wewe. Ushindi umenipa, halafu umeuchukua."

Nilichobakiwa nacho ni shingo inayowasha na magunia mawili ya masuke yaliyobaki uani kwa mama.

"Nigeukie basi, Kashinje," nikasema kwa sauti, na waliokuwa mlangoni wakasikia. "Kesho, baada ya misa, Shedrack anakuja nyumbani kupura ulezi na mimi. Keshokutwa pia. Mpaka magunia yaishe, na yakiisha nitaomba ya majirani. Nakuahidi, Alhamisi ukipanda basi, utakuwa na msaidizi ambaye fimbo yake haigongi yako."