Lugha ya Jikoni

Joto la Julai lilikuwa limeukalia mtaa wa Gerrard, na Saumu Athmani alitembea ndani yake kwa furaha. Tangu atue Toronto hakuwa ameona ila barabara pana na nyumba zilizofungwa milango. Hapa, kumbe, kulikuwa na watu! Wauza sari walikuwa wametandika vitambaa hadi nje, wanawake walibishania bei ya maembe, mahindi yalichomwa makaani na kupakwa ndimu na pilipili, na kila duka la kanda lilipiga wimbo wake wa sinema ukagombana na wa jirani. Tramu ilipita ikigonga kengele. Hakuna aliyeijali.

"Yaya, tuko Canada kweli ao tuko Bombay?" aliuliza Eustache.

"Tuko Mombasa, Biashara Street," Saumu alijibu, wakacheka.

Saumu alikuwa mwimbaji wa taarabu; mpiga tabla wake, zile ngoma za Kihindi, alinyimwa viza, ndipo akatafutiwa Eustache, kijana wa Uvira, Kongo, ambako yaya ni dada mkubwa, aliyepakia mizigo uwanja wa ndege kule Malton na kupiga ngoma kanisani kila Jumapili. Tabla hakuwahi kuigusa, lakini mikono yake ilikuwa na akili.

Mbele ya duka moja Saumu alisimama kusikiliza. Sauti ya wimbo ule, mwendo wake, aliijua. Babake aliisikia kwenye sinema, akarudi nyumbani akaivua maneno ya Kihindi na kuivika ya Kiswahili. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi, yeye na wenzake wote wa taarabu ya Mombasa: sauti ya sinema, maneno ya kwao.

"Humu," alisema Nizar kwa Kiingereza, akisukuma mlango wa duka la nguo.

Nizar ndiye aliyewaleta. Kesho mchana alikuwa na karamu ya harusi ya bintiye, Alisha, katika ukumbi wa Richmond Hill. Alizaliwa Mombasa, akaondoka akiwa na miaka ishirini, na tangu uwanja wa ndege hakuwa amemtamkia Saumu neno moja la Kiswahili. Wala hakumwita Bi.

"Chagua sari, Saumu. Nalipa mimi."

"Sari ya nani?"

"Yako. Wakwe zangu ni madaktari, watu wa Delhi. Utakaa mbele yao, sitaki uje umejifunga leso. Na nyimbo uimbe kwa Kihindi, maneno yake ya asili."

"Bwana Nizar, mamako alinipigia simu hadi Mombasa. Aliniagiza wimbo wa mjukuu wake, nami nimeutunga. Umo Alisha, umo ukoo wenu, umo mtaa mliokaa. Kwetu biharusi asipotajwa jina, hajaimbiwa."

Nizar alitazama nyuma, kana kwamba wakwe wamejificha kwenye vitambaa.

"Mama amezeeka," alisema kwa sauti ya chini. "Kiswahili ni lugha ya jikoni. Tulikuwa tukiwaagiza nayo maboi. Nimewaambia wakwe zangu sikijui, usije ukanitia aibu."

Saumu alihisi damu inampanda hadi masikioni. Lugha ya jikoni! Babu yake alitunga tenzi zilizosomwa msikitini usiku kucha, watu wazima wakalia. Kwa lugha hiyo watu walioana, wakashtakiana, wakazikana. Na huyu! Mamake mwenyewe, Bi Shahnaz, alimsimulia Saumu kwenye simu, kwa furaha, kwamba alipougua homa ya matumbo jirani yake Mswahili ndiye aliyemnyonyesha Nizar hadi akaota meno.

"Sari sivai," alisema. "Na Kihindi siimbi."

"Basi piga kinanda tu. Bila maneno. Ukifungua mdomo, nazima kipaza sauti."

Saumu akatoka. Eustache alimfuata mbio.

"Yaya, tuache hii kazi?"

"Tuiache? Mwanamke wa miaka themanini anangoja wimbo wake, tumwache na nani?"

Kesho yake Saumu aliingia ukumbini amejifunga leso zake mbili, nyekundu kama kidonda, akaketi sakafuni nyuma ya kinanda chake cha Kihindi. Bi Shahnaz alisukumwa katika kiti cha magurudumu hadi mbele kabisa, akaunganisha viganja mapajani na kungoja. Nizar alisimama karibu na mitambo.

Saumu akapiga sauti ile ya dukani mara ya kwanza, bila maneno. Wageni waliendelea kula. Akaipiga mara ya pili. Bi Shahnaz akainamisha kichwa, akisikiliza maneno yasiyokuja. Hapo Saumu hakuweza tena kujizuia. Lakini ubeti uliomtoka haukuwa wa Alisha. Ulikuwa umechemka kifuani tangu jana:

*Aliyelelewa kwetu, leo kwetu hakujui,*
*Kanyonya titi la kwetu, leo titi hatambui,*
*Nimwite kwa lugha yetu, mlango haufungui.*

Aliimba huku akitazama dari, maana kwenye taarabu anayerushiwa kijembe hatazamwi wala hatajwi. Na desturi ina ukali wake: ukikasirika, umekiri kwamba ni wewe. Nizar akazima kipaza sauti. Saumu akapandisha sauti, akarudia mstari wa titi, na Eustache akaukaza mkono.

"Wee mwanamke, koma!" Nizar alifoka, kwa Kiswahili cha vichochoro vya Mombasa, safi, bila doa. "Koma kabisa! Mamangu usimtie mdomoni mwako! Alikuwa mgonjwa, unasikia? Mgonjwa!"

Vijiko vilisimama. Baba wa bwana harusi akamgeukia, akamuuliza kwa upole kama si yeye aliyesema hajui hata salamu ya lugha ile.

"Endelea, Nizar," alisema Bi Shahnaz. "Miaka ishirini sijakusikia ukisema Kiswahili. Kumbe unacho chote! Mimi ukanijibu Kiingereza mpaka nikadhani nimekuwa kiziwi."

"Mama, si hapa..."

"Keti."

Akaketi. Saumu alikuwa ameanza kutabasamu, lakini yule mama akamgeukia.

"Na wewe, mwanangu. Habari ile nilikupa kwa mapenzi, ukaigeuza jiwe la kumpigia mwanangu mbele ya wakwe. Sikukuagiza hilo."

Uso ulimwaka Saumu. Alikuwa na jibu, tena kali, na hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo.

"Nisamehe, Bi Shahnaz," alisema, akiuma kila neno. "Yeye simwombi."

"Usimwombe. Niimbie wimbo wa Alisha."

Hakuna aliyewasha kipaza sauti. Saumu akavuta pumzi, akaanza upya, na alipofika kwenye jina la Alisha, biharusi aliacha sahani yake, akaja kuchutama kando ya bibi yake.

"Anasema nini, Dadima?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Mwulize babako," alisema Bi Shahnaz. "Anakijua."