Jina Ambalo Sidi Hakuliandika

Kitu cha kwanza Sidi alichokiona kilikuwa kidogo mno: kompyuta yake iligoma zile asubuhi ambazo aliiwasha kabla mashine kubwa ya stoo haijaanza kuvuma. Siku nyingine ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Hakumwambia mtu. Aliyeishia darasa la sita huona haya kuwaeleza mafundi habari za mvumo.

Nyumba yao ilikuwa Ukunda. Mumewe, Kombe, alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani mpaka watalii walipoadimika na wafanyakazi wakapunguzwa. Hoteli ilipouza kompyuta zake kuukuu, alinunua tatu. Mbili ndogo zilikaa sebuleni, yake na ya mkewe. Ile kubwa ilikaa stoo kando ya magunia ya mahindi, nayo ndiyo iliyotunza barua pepe na nafasi za wageni wa nyumba za kupangisha za Galu na Kinondo. Kazi ya Sidi ilikuwa kuwajibu wageni hao kwa niaba ya wenye nyumba. Kombe aliipa jina Mwinga, jina la baba yake aliyekuwa akifuga ng'ombe huko Kinango.

"Mzaliwa wa kwanza hurithi jina la babu yake," alisema akicheka. "Na huyu ndiye mzaliwa wa kwanza wa biashara yetu."

Kila asubuhi kompyuta ndogo iliuliza jina la mashine unayoitaka, nawe sharti uliandike. Hapo Sidi alikwama. Mama yake alikuwa amemfunza kwamba jina la baba mkwe halitoki kinywani mwa mke wa mwana, na kwa Sidi vidole navyo vilikuwa ulimi. Tena mzee yule ndiye mtu pekee ukweni ambaye hakuwahi kumwuliza aliishia darasa la ngapi.

Basi siku ya kuunganisha waya, Sidi alingoja mumewe atoke, akamwuliza fundi kwa sauti ya chini kama mashine ingeweza kuitikia jina jingine. Fundi huyo, Justus, kijana wa kutoka Machakos, hakutaka kujua sababu.

"Hiyo ni kitu kidogo, shemeji. Wewe utaandika 'mzee'. Kwa hii yako tu."

Akagonga vitufe, akaenda zake. Kombe hakuambiwa.

Mambo yalikwenda vizuri hadi masika, umeme ulipoanza kukatika ovyo. Leo kompyuta ya Sidi inampata mzee, kesho inasema hakuna mashine ya jina hilo. Kombe akija kujaribu, huandika jina la baba yake, na mlango hufunguka papo hapo.

"Mbona mimi inanipokea? Au hujui kubonyeza?"

Alibadilisha waya. Alisugua plagi kwa spiriti, akilaumu hewa ya chumvi. Alitega sumu ya panya stoo. Kila dawa ilifaa siku chache, kisha ugonjwa ukarudi.

Wakati huo barua za Mama Eddah zilikuwa zinalala. Mama Eddah alikuwa mtu wa bara mwenye nyumba tatu za wageni kule Galu, na alipoteza familia nzima ya Wajerumani kwa sababu jibu lao halikutumwa. Akaja kumwambia Kombe kwamba yuko binti wa dada yake aliyesomea uhazili.

"Ikigoma tena, mama, huyo binti na aje ashike kazi ya Sidi," Kombe alisema, macho chini.

Sidi aliyasikia hayo akiwa jikoni, akachuja tui lile lile mara mbili. Alikuwa amejifunza kupiga chapa bila kutazama vidole. Watu wa nchi za baridi, wasiomjua, walimwandikia "Mpendwa Sidi". Hakuna mahali pengine alipoitwa hivyo.

Umeme ukakatika tena, ukarudi alfajiri, na kompyuta ikagoma. Kombe akamwita Justus. Mama Eddah naye akafika.

"Shikamoo, mama," Sidi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Leo nataka kuona kwa macho yangu."

"Shemeji, fanya vile wewe hufanya," Justus akasema. "Usibadilishe kitu."

Sidi akaandika "mzee". Kompyuta ikawaza, ikakataa.

"Si mnaona!" Mama Eddah akapiga makofi.

"Andika Mwinga," Kombe akasema. "Herufi sita tu, Sidi."

Vidole vyake vilikaa juu ya vitufe, visishuke.

"Ngoja, boss." Justus aliinama karibu na kioo, kisha akajipiga kofi la paji la uso. "Ai! Si hii 'mzee' ni mimi niliiweka!"

Akaeleza. Kila mashine ina namba. Kisanduku kilicho kando ya simu ndicho kinachozigawa, na umeme ukikatika husahau yote, kikaanza kugawa upya kwa anayetangulia kuamka. Jina Mwinga huifuata ile kubwa yenyewe, lakini 'mzee' lilifungwa kwenye namba tu. "Mimi niliandika mzee ni namba mbili, sababu siku hiyo ile kubwa ilikuwa namba mbili. Leo nani aliamka kwanza?"

"Hii yangu," Sidi akajibu taratibu. "Ile ya stoo ilikuwa haijaanza kuvuma."

"Basi ndiyo hiyo! Shemeji anamwita mzee, kumbe kompyuta inajiita yenyewe. Itaitikiwa na nani?"

Mama Eddah akaangua kicheko. "Inajipigia hodi!"

Kombe hakucheka. "Ifute hiyo. Aandike jina kama watu wote."

"Kufuta ni dakika moja," Justus akasema. "Ama niipe ile kubwa namba yake isiyobadilika, na 'mzee' ibaki. Hiyo itakula mchana wote. Semeni nyinyi."

Wote wakamtazama Kombe, naye akamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona kitini. Mkono wa Justus ulikuwa tayari juu ya vitufe. Sidi akauondoa kwa upole.

"Usifute," akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyoizoea. "Yule ni baba mkwe wangu. Jina lake silitaji wala siliandiki, hata likipewa mashine. Na kiti hiki ni changu, bwanangu. Kazi hii naipenda. Sitaki mtu mwingine akikalie."