Meseji ya Jalidi

…programu imekataa tena kuwaka, maandishi mekundu yaleyale, vipande vyake viwili vimeshikana, mtumaji wa meseji anamhitaji msomaji wa hali ya hewa, msomaji wa hali ya hewa anamhitaji mtumaji wa meseji, kila mmoja anangoja mwenzake azaliwe kwanza, kama wageni wawili mlangoni, tangulia wewe, hapana, tangulia wewe, na ugali unapoa mezani, alama nimeweka, Autowired iko juu ya kila mstari unaostahili, nimezipitia kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, na kazi ya alama hiyo ni nyepesi, unaandika tu kwamba unamhitaji fulani, fremuweki, ule msingi tuliojengea programu, inakwenda kumtafuta inakuletea, hujui imemtoa wapi wala hujali, mimi sijawahi kujali, asubuhi nikajitia kimbelembele nikapandisha toleo jipya la fremuweki, la zamani lilikuwa linawavumilia hawa wawili, jipya halina huruma, na la zamani nimeshalifuta, seva ilikuwa imejaa, ee Irine, nani alikutuma…

"Imewaka?" Sadock anauliza kutoka meza ya pili, simu iko sikioni, bado, nimebandika alama nyingine ya kumwambia mmoja achelewe kidogo, ikakubali hapo ikaja kulalamikia kipande cha tatu, sasa sijui hata nimegusa nini, dirishani malori ya Zambia yamesimama foleni na Makambako yote inanuka dizeli na mbao mbichi, mbingu nyeupe, haina hata kipande cha wingu, na mbingu ya namna hii kule Makete ikifika usiku ni jalidi, umande unaganda kuwa barafu, viazi vya mbegu ndiyo kwanza vimechomoza, vitaamka vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto, shamba lote la kikundi cha mama, na nyasi za kufunikia hukatwa jua likiwapo, nani anakata nyasi gizani… "Shikamoo mzee, ndiyo, leo hii, funikeni… meseji? Meseji inakuja, mzee, lakini anzeni… haya, mzee," Sadock anakata simu, ananiangalia, wanasema wanangoja meseji, ni wa nne huyo, wote neno moja, na hawana kosa, mwaka jana si yule mfanyabiashara wa nailoni aliwapigia simu kijiji kizima, jalidi inakuja, jalidi inakuja, watu wakanunua nailoni za kufunikia, usiku ukapita na joto lake, ndipo tukaenda kijijini sisi wa mradi na fulana zetu mpya, tukasimama mbele ya kanisa baada ya ibada, mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti, msiamini mtu yeyote wa simu, hata akijitambulisha kwa jina, ngojeni meseji yetu yenye jina la mradi, isipoingia laleni usingizi, wakapiga makofi, mama Esnath mwenyekiti wa kikundi akapiga kuliko wote, akawageukia wenzake, mnamwona mwanangu…

nabonyeza tena, mistari inashuka, inashuka, tafadhali, nakuomba, nyekundu, na kumbe mpaka sasa hivi nilidhani hawajapata taarifa, wamepata, meseji isipoingia laleni, hiyo ndiyo taarifa, inawafikia kila dakika mashine hii inavyokaa kimya, haihitaji seva wala alama yoyote, inafika kila nyumba, na ni mimi ninayeituma, Mungu wangu, nampigia mama tena, anapokea upesi, nyuma yake nasikia kuku na redio, mama, nakuomba, kata nyasi, usingoje, ni mimi Irine mwenyewe, anacheka kidogo, "Mwanangu, wewe ulikuwa na hofu tangu mdogo, mawingu tu ulikuwa unalia," mama, nisikilize, "nakusikia, ila mimi ndiye mwenyekiti, nikikata kwa maneno ya simu wenzangu nitawaambia nini, si ulitufundisha mwenyewe?" mama, jua linashuka, "Linashuka, ndiyo, naliona, usihangaike, Irine, mundu ninao hapa magotini na simu nimeishika mkononi, ikiingia tu, nainuka," na Sadock ananiuliza imewaka, nasema bado.