Kitambaa cha Njano Mlangoni

Nasema mapema kabisa: Bwana Onodera nilimtukana, tena matusi ya nguoni, na laiti angenisikia ningefurahi kupita kiasi.

Kisiwani kwetu, kaskazini kabisa mwa Japani, theluji ikishaziba njia, kila nyumba hutundika kitambaa cha njano mlangoni asubuhi na kukiondoa jioni. Kikiwa nje, wenyewe ni wazima. Kisipoonekana, watu waje mbio. Zamani, marehemu bibi yangu aliniambia, watu waligongeana milango, wakaingia, wakanywa chai na kusengenya mpaka mchana. Sasa anapita Bwana Onodera na mashine yake ya kuzoa theluji, anatupia jicho vitambaa, anaenda zake. Baba, mtu pekee ninayeishi naye, alikwama Wakkanai, mji wa ng'ambo ya bahari, kwa sababu meli zilisimama, na mwalimu wangu vilevile. Shule yenyewe ina mwanafunzi mmoja, ndiye mimi. Siku zikapita bila mtu wa kuniambia hata "Nagisa, umekula?" Nilianza kuzungumza na jiko, na jiko halijibu.

Asubuhi hiyo nilitundika kitambaa, nikaingia banda la mwani ubavuni mwa nyumba kuchukua mafuta ya jiko. Nikasikia juu kunanguruma. Theluji yote ya paa ikaporomoka kwa mkupuo, puu! Mlango ukazibwa, giza likaingia. Nilisukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa miguu. Wapi! Simu nilikuwa nimeiacha jikoni.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Jioni ikafika bila mtu wa kukiondoa kitambaa, na katika giza na dhoruba iliyoanza kuvuma nani angekitazama? Nikajifunika magunia na nyavu kuukuu, nikawa narukaruka papo hapo ili nisilale, maana kulala kwenye baridi ile ndiyo buriani.

Kulipokucha nikasikia mashine. Jamani, nilitaka kucheza ngoma! Ikasimama mbele ya nyumba kabisa. Nikapiga ukuta kwa ngumi zote mbili.

"Mzee Onodera! Niko huku bandani!"

Sauti ilitoka kama ya paka mgonjwa. Mashine ilikuwa bado inanguruma, naye alikuwa kwenye simu, anaongea kwa kufoka kama kawaida yake.

"Ndiyo, bwana, niko hapa kwako! ... Hapokei simu? Aah, vijana wa leo hao, simu ikiita ndiyo kwanza wanavuta blanketi! Kitambaa kipo, nakiona kwa macho yangu. Binti yako mzima! Wewe kunywa sake yako, usijipe presha bure!"

Alikuwa anaongea na baba yangu. Baba alikuwa amenitafuta, amepata wasiwasi, na sasa anatulizwa moyo na mtu aliyesimama karibu na ukuta wa banda ninamofia. Nikapiga ukuta tena. Mashine ikageuka, ikaondoka.

Hapo ndipo nilipomtukana, yeye na mashine yake na kofia yake ya masikio. Halafu nikalia. Vidole vya miguu sikuvisikia tena, na usingizi ulikuwa mtamu ajabu, unanibembeleza. Nilijiona sina mtu duniani.

Kilichoniamsha ni hasira. Lile tambara lilikuwa limeganda pale tangu jana, linanisingizia uzima. Maadamu liko nje, hakuna atakayekuja. Nikapanda juu ya matenga, nikavunja ubao wa tundu dogo la hewa chini ya paa, linalotazama mlango wa nyumba, nikapitisha upondo wa kuvunia mwani, ule wenye ndoana. Nilikosa, nikakosa tena. Mwishowe ndoana ikashika. Nikavuta kwa nguvu zote, kitambaa kikachanika, kikaingia ndani kikiwa kigumu kama mbao.

Halafu nikakumbuka kwamba Bwana Onodera hapiti mara mbili. Angerudi kesho, na kesho mimi sikuwa nayo. Nikakaa juu ya tenga, nimekumbatia upondo, nikajilaumu kwa kujipa tumaini.

Ndipo nikasikia mtu anakwangua.

"Wewe mtoto! Unapumua?"

"Napumua!"

"Basi funga mdomo, unanichanganya. Mlango uko upande gani?"

Nilimjua kwa ule ukali. Bibi Hisae, wa nyumba ya ng'ambo ya njia. Lakini Bibi Hisae hukaa mjini Sapporo kwa binti yake majira yote ya baridi, na nyumba yake ilikuwa imezungushiwa mbao mpaka madirishani! Nikadhani baridi imenipanda kichwani. Alichimba kwa sufuria, anapumzika, anaguna, anachimba tena, mpaka mkono wake uliojaa mishipa ukapenya na kunishika ukosi.

Alinikokota hadi jikoni kwake, akanivua soksi, akanipa supu ya miso huku akinikaripia niinywe polepole. Chumba kilikuwa na taa moja ndogo. Kwenye mbao za dirisha palikuwa na upenyo, na mbele yake kiti.

"Umejuaje, Bibi?"

"Upenyo wangu unatazama kwenu tu. Jana jioni dhoruba ilinifunga macho. Leo nakunywa chai, nakiona kitambaa kinakwenda juu, kinaingia ukutani. Nikasema huyu ama kachizika, ama anakufa."

"Lakini si ulikwenda Sapporo?"

Akajifanya anatafuta kijiko.

"Mwaka huu binti yangu hakunialika. Ningewaambia nini watu dukani? Nikaacha mbao zilivyo, nikakaa kimya."

"Na kitambaa chako?"

"Sijakitundika hata siku moja." Akaninyooshea supu nyingine. "Mwanzoni nilikuwa najificha. Baadaye nikasema, ngoja nione nani ataniulizia."

Nilitazama kile kiti, kisha mlango wangu ng'ambo ya njia, karibu hivyo. Majira yote yale nilikuwa nazungumza na jiko. Nilitaka kumwambia pole, badala yake nikaangua kilio kama mtoto mchanga.

"Kunywa," akasema Bibi Hisae, naye machozi yanamtoka. "Inapoa."