Saa Tatu ya Letisia

...na bado anatafuta bic, atatafuta mpaka jua lichwe, watu wa namna hii Godfrey anawajua, ukija kumnyang'anya mtu kitu ndipo kalamu inapokauka na miwani inapopotea, anajiegemeza kwenye benchi la kituo cha afya cha Buhinyuza, fomu ya kurudisha simu iko juu ya goti, simu yenyewe juu ya fomu, "Chef, unavumilia kidogo, bic yangu iko imekauka," anasema mama Letisia toka ndani, mshauri wa afya wa kilima hiki kwa miaka kumi na mmoja, "hamna shida, mama," hamna shida wapi, umenidanganya mara sitini na moja, mama, na sura yako hiyo ya upole... ziara sitini na moja, alizihesabu mwenyewe kule ofisini Gitega, mradi ulimtuma apime kama simu hizi za washauri, zinazorekodi kila ziara na saa yake, zina faida kubwa kuliko gharama zake, kule tarafa ya Ryansoro kila kitu kimenyooka, huku Muyinga ndiko alikochefukwa, simu inasema Jumanne saa tatu Letisia yuko kwa Efrazia, mzazi wa kule mpakani, anapima mtoto uzito, kitabu cha mahudhurio kinasema Jumanne hiyohiyo saa tatu yuko hapa kituoni mkutanoni, na kwa Efrazia ni mwendo wa saa nzima, yeye si jini awe mahali pawili, basi ziara hiyo ni ya kubuni, na inayofuata, na inayofuata, akazifuta zote, zilipofutika faida ikanywea, akaandika kwa mkono wake: Buhinyuza ifungwe, simu zikusanywe. "Na Melania, chef? Mimba yake iko ya mapacha, wiki ijayo anazaa, simu ukishabeba, ambulance mi nitaiita na nini?" ah, kaanza, alijua tu atafika huko, wote hufika huko, na Godfrey wa zamani angelainika, mtoto wa kambi ya wakimbizi Tanzania, ambaye mama yake alijifungulia njiani kule Kasulu, kwenye nyasi, na kile kichanga... hapana, hayo hayana safu kwenye ripoti, si ya faida wala ya gharama, "tutaona, mama," hakuna cha kuona, ripoti imeshapigwa muhuri, simu inatetemeka juu ya goti lake, ujumbe tu, karibu Tanzania, anacheka kwa pua, minara ya ng'ambo inafika mpaka huku, kioo kinasema saa nne na dakika kumi, anatazama mkononi, saa tatu na dakika kumi, saa yake imekufa? haijafa, mshale unatembea, tatu huku, nne huku... Tanzania wako mbele yetu kwa saa moja, kila mtoto wa kambini anajua, siku waliyorudishwa baba yake alisimama kando ya lori akirudisha mshale nyuma, akacheka, tumepewa saa ya bure... simu inakamata mnara wa ng'ambo na kujipeleka mbele, basi saa tatu ya kwa Efrazia ilikuwa saa mbili, saa mbili alipima mtoto, akatembea saa nzima, saa tatu akasaini hapa, miguuni ndala zile zile zilizo mlangoni, kisigino kimoja kimelika... hapana, subiri, labda anadanganya hata hivyo, labda ziara nyingine, labda moja tu, anautafuta huo uongo kwa nguvu zote, anautaka, maana ukikosekana kwa Letisia aliyebaki kuandika uongo ni mmoja, na muhuri wake uko Gitega, na aibu inampanda mpaka masikioni.

"Voilà, nimeipata." Mama Letisia anatoka, anaijaribu bic kiganjani, anaketi pembeni yake na kuivuta fomu taratibu. Anasaini herufi moja moja, bila kinyongo, kisha kalamu inasita kwenye nafasi ya mwisho.

"Hapa wanaomba saa," anasema. "Niandike saa ngapi, chef?"